Vidonge vya Mashavu

Juzi nilirudi mtaa wa Bellevue, rafiki yangu, kwenye nyumba ile iliyonilea huku ugenini. Nilikuwa nimetumwa na mgonjwa. Mama mdogo wangu amelazwa, nyonga imevunjika. Hakugongwa na gari wala hakuanguka ngazini. Alikuwa anashuka ukingo wa barabara pale kwenye robot, taa za barabarani, akapepesuka, akakaa kitako chini kama anayekaa mkekani, mfupa ukakatika. Na si bibi kizee. Hata sitini hajafika.

Daktari alituonyesha picha ya mfupa wenyewe, akatueleza polepole. Mifupa hujengwa utotoni na ujanani, alisema, na baadaye mtu huishi kwa kuchota akiba ile. Hedhi ikikoma, mwanamke huchota haraka zaidi. Lakini huu wa mama mdogo umelika kupita umri wake. Kuna dawa yoyote ametumia kwa muda mrefu? Mama mdogo, ambaye Kiingereza anakisikia vizuri tu, alinigeukia mimi. "Muambie hapana." Nikarudisha macho kwenye picha ya mfupa. Daktari alipotoka, akanishika mkono. "Bibi yako amesikia niko hospitali, anataka foto. Leta ile kabwati yangu, iko chini ya kitanda. Munganga asione."

Munganga ndiye daktari, na kabwati ni kakopo tu ka biskuti. Kilichomo nakijua tangu utotoni.

Nyumba ile wenyewe waliigawa kwa mbao nyembamba, kila familia na chumba chake, hivyo ulijua jirani anapika nini kabla hajafunua sufuria. Chetu kilinukia mawese na mafuta ya nywele. Mama mdogo alikuwa msusi. Jumamosi aliwasukia wateja barazani, na kazi yangu ilikuwa kuchambua rasta na kumpa fungu baada ya fungu, huku pua yangu iko jikoni, ambako jirani yetu fundi cherehani alikuwa anakaanga ndakala, dagaa wetu wa ziwani. Niliwapenda sana. Niliwatafuna wazima, vichwa na miiba. Bibi, kule Uvira nilikozaliwa, alikuwa akisema mwiba wa ndakala haupotei, unakwenda kukaa kwenye mguu wa mtoto. Mama mdogo alicheka maneno hayo. Ndakala ni chakula cha kule, alisema, huku tulikuja kula kuku.

Mama yangu alipofariki, bibi alinikabidhi kwa mama mdogo mbele ya ukoo mzima, naye mama mdogo akaapa kwamba mkononi mwake sitakonda. Kiapo hicho alikichukua kwa uzito wote, maskini. Unajua mambo ya kwetu. Mtu akienda mbali, ndugu hawaulizi sana anafanya kazi gani, wanatazama mashavu. Ukinenepa, umefika. Ukikonda, basi una njaa, au una ugonjwa usiotajwa, au kuna mkono wa mtu. Na kila Desemba ilikuwa lazima picha iende nyumbani.

Mimi nilikuwa mwembamba wa kuzaliwa, miguu kama vijiti vya mishikaki. Kwa hiyo Novemba ikiingia, mama mdogo alimwita mwanamke mmoja aliyepita mitaani na begi la vitenge. Chini ya vitenge kulikuwa na vidonge vidogo vyeupe vya kunonesha. Mama mdogo alimeza chake, changu akakikata nusu kwa wembe wa kusukia. "Kunywa, mutoto. Bibi yako akikuona hivi atasema nakulalisha njaa."

Njaa iliyonijia sijaiona tena maishani. Nilimaliza fufu yangu, ugali wetu wa muhogo, nikamaliza ya mama mdogo, kisha nikaenda kumtolea macho fundi cherehani. Mashavu yakaumuka kama maandazi. Mwalimu alinifinya shavu moja akacheka, nami nikajiona malkia. Studio tulisimama mbele ya pazia lililochorwa maporomoko ya maji, vitenge sare, wanono kweli kweli. Picha ilipofika, tulisikia vigelegele vya bibi kwenye simu, na mama mdogo akalia kwa furaha. Nilikuwa na furaha mimi pia. Hilo ndilo linaloniuma leo.

Niliacha nilipoingia sekondari, kwa sababu ya chunusi, wala si kwa busara. Mama mdogo hakuacha. Harusi, kidonge. Ubatizo, kidonge. Wageni kutoka kwetu, kidonge. Mwishowe ikawa kila siku.

Picha ile bado iko ukutani, kwenye chumba chetu kile. Niliitazama nikiwa na kopo mkononi, hasira na huruma vinanipanda pamoja, kisha nikalipeleka kopo moja kwa moja kwa daktari. Akasema vidonge hivi ndivyo vilivyokula mfupa, lakini visikatwe ghafla, mwili umeshavizoea. Atampunguzia yeye mwenyewe kidogo kidogo. Kisha akaniuliza, "Na wewe?" Nikamwambia habari za nusu zangu. Akasema huenda hazikuacha alama, huenda ziliacha, tupime. Nimepangiwa siku. Naogopa, rafiki yangu.

Mama mdogo alipojua kopo liko kwa daktari, aligeukia ukuta. Kesho yake asubuhi ndipo aliponiambia, "Haya, piga hiyo foto. Ndugu bajue nimekwisha." Nikampiga picha kama alivyo, amesawijika, nywele hazijasukwa. Nikaituma.

Jibu la bibi lilikuja kwa ujumbe wa sauti, kupitia simu ya jirani yake. Tulilisikiliza wote wawili. "Leo ndio nimeona mutoto yangu. Ule mama munene mulikuwa munatuma miaka yote, sikumujua. Nilikuwa napiga vigelegele juu ya vile majirani balikuwa banaangalia."

Mama mdogo aliniomba niirudie sauti ile. Kisha akajifunika shuka usoni.

Baraza letu sasa limezibwa kwa mabati, limekuwa chumba cha mtu. Fundi cherehani alihama, wala sijui aliko. Ya kwenda studio siku hizi hakuna, kila mtu anajipiga kwa simu yake. Lakini wanawake wenye mabegi ya vitenge bado wanapita, nimewaona.

Jana nilimkaangia mama mdogo ndakala, nikampelekea kwenye bakuli. Aliwatafuna mmoja mmoja, polepole, na miiba yao, machozi yanamtiririka. Akaniuliza kama munganga anafikiri atasimama tena asuke. Nikamwongezea ndakala.