Hana, Mwambie Mumeo

Monika wa Ilembo alikuwa mwoga, na ninalisema hili nikimpenda. Aliogopa mbwa, aliogopa sindano, aliogopa bajaji zinapokata kona. Radi ikipiga alijifunika kitenge gubigubi na kuanza rozari, na sisi wenzake wa jumuiya tulimcheka mpaka machozi. Lakini hakuna kitu kilichomtia hofu kama kukutana ana kwa ana na mkwewe, Mabula.

Wasukuma wanajua ninachosema. Mama na mume wa binti yake hawashikani mikono, hawali pamoja, hawatazamani usoni. Mabula akimwona Monika anakuja, aliacha njia, akaingia kwenye mahindi na kumpa mgongo mpaka apite. Si chuki, ndiyo heshima yenyewe. Wakiwa na neno la kuambiana walimpitishia Hana, binti yake Monika, hata kama wote watatu wako uani. "Hana, mwambie mumeo ng'ombe wameingia shambani." Mabula amesikia kila kitu, lakini anasubiri mkewe arudie, ndipo ajibu, "Hana, mwambie mama nakwenda." Mimi si Msukuma, na mambo yao hayo yalinivunja mbavu kila siku.

Masika yale kipindupindu kikaingia mjini. Maji ya mvua yalipita vyooni yakaishia visimani, na sisi tukayachota tukayanywa hivyo hivyo. Gari la matangazo lilipita likituambia tuchemshe. Tulilisikia. Kuni zilikuwa zimelowa, mkaa umepanda bei, na kila mtu alijiambia kisima chenye uchafu ni cha mtaa wa pili. Hasira ninazo mpaka leo, na nyingine ni za kujikasirikia mwenyewe.

Nilianguka mimi. Akaanguka Hana, kisha Mabula. Tukapelekwa kambini, kwenye mahema yaliyopigwa nyuma ya zahanati, ambako ukiingia unapuliziwa dawa mpaka kwenye nyayo na ukitoka vilevile. Vitanda vina tundu katikati na ndoo chini. Sitaeleza zaidi. Wanawake tulilala upande mmoja, wanaume upande wa pili, katikati turubai la bluu.

Monika alikuja kumuuguza binti yake. Alifika getini akitetemeka kama kuku aliyenyeshewa, lakini aliingia. Kwa mtoto wake, alisema, hata mbwa angepambana nao.

Hana alikufa mchana kweupe, kikombe kikiwa bado mkononi mwa mama yake. Wakamfunga kwenye mfuko, wakampulizia dawa, wakaenda kumzika wao wenyewe watu wa afya. Monika hakuruhusiwa kumwosha. Hakukuwa na matanga, hakukuwa na mtu wa kumshika mkono, wala hakulia. Alirudi akageuza ndoo tupu kando ya kitanda changu, akaikalia. Mimi nilikuwa nimeshaanza kupata nafuu, na nilitamani ningelala usingizi nisimwone.

Ndipo upande wa pili tukamsikia Mabula akitapika.

Ndugu zake walikuwa na ng'ombe porini huko Mlele, simu zao hazipatikani. Nesi, kijana mmoja anaitwa Leodgar, alifunua turubai. Macho yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi.

"Mama, nimetafuta mshipa wa huyu kaka mpaka nimechoka, dripu haiingii. Imebaki kumnywesha kijiko kwa kijiko bila kuacha, na kumsafisha. Mimi niko peke yangu humu. Nani wake?"

Monika alitazama chini. "Ni mkwe wangu."

"Basi si wako huyo?"

"Baba, hujaelewa. Ni mkwe."

"Nimeelewa sana," Leodgar akasema, na sauti ilimpanda. "Nyie na aibu zenu! Akikosa mtu mpaka jioni, huyu tunamzika kesho."

Akaondoka kwa sababu aliitwa hema la pili. Monika akanigeukia. "Mama Elia, wewe nenda." Nilijaribu kukaa, dunia ikazunguka, nikarudi chini kama gunia.

Basi nikamsikia akisali, na sijawahi kusikia sala ya namna ile kanisani. Alikuwa anagomba. "Wewe Bwana, Hana nilikuomba, umemchukua. Sina hamu ya kuongea na wewe leo. Na sasa unanitaka nikamvue nguo mkwe wangu! Unanitaka nini? Unanitaka nini, Baba?" Alijipiga kifuani kwa ngumi. Nikadhani amekata tamaa kabisa.

"Mama Elia," akasema baadaye, "unakumbuka Alhamisi Kuu?"

Ningesahauje? Kila mwaka paroko huwaosha wazee miguu mbele ya altare, na kila mwaka wazee wetu huja wameshaisugua miguu nyumbani kwa sabuni na jiwe na kuipaka mafuta mpaka inang'aa. Mimi na Monika huwa tunabanana kwenye benchi tukicheka.

"Kumbe tulikuwa tunaigiza," akasema. "Bwana mwenyewe hakuwaosha watu miguu misafi."

Akasimama. "Bwana, mimi naogopa," akasema. "Hofu hujaniondolea, na mgonjwa hasubiri. Tangulia wewe, nakuja nyuma yako." Akachukua beseni, akainua turubai na kuingia.

Nilisikia kitanda kikilia. Mabula alikuwa anajaribu kugeukia upande mwingine. Sauti yake ilikuwa imekwisha, nyembamba kama ya mtoto mchanga.

"Hana," akaita. "Hana, mwambie mama atoke. Nimechafuka."

Hakuna aliyekuwa amemwambia.

"Hana hayupo, baba," Monika akasema. "Nimebaki mimi."

Mabula alilia kilio kikavu. Mwilini hakuwa na maji hata ya machozi. "Mayu, mama yangu, usiniguse," akasema, "niache niende naye."

"Petro naye alikataa kuoshwa," Monika akamjibu, "na akaoshwa. Fumba macho. Mimi yangu nayaelekeza juu."

Turubai lilikuwa limeachia upande mmoja, kwa hiyo niliona. Alimfunika kitenge chake, akamwosha chini ya kitenge kwa kupapasa, uso ameuelekeza kwenye paa la hema, midomo ikitembea. Akaanza kumnywesha. Mabula alitapika, Monika akamfuta, akaanza tena. Mgonjwa wa kitanda cha jirani alikufa, wakaja kumchukua, Monika hakugeuza hata shingo. Jua lilizama na kijiko kinaendelea, na kulipokucha kilikuwa kinaendelea bado, na Leodgar alipopima mkono wa Mabula alipata mshipa. Alimletea Monika chai.

Monika na Mabula walitoka kambini siku tofauti, na hawakuagana.

Mahindi yalipokuwa yanakauka mashambani nilikuwa natembea na Monika kwenda jumuiya. Alikuwa amekonda, na tangu siku ile alikuwa hajalia, jambo lililonitia wasiwasi. Mbele yetu akatokea mwanamume na fimbo, mifupa mitupu. Alipotuona alisimama, kisha taratibu, kwa shida, akaacha njia, akaingia kwenye mahindi na kutugeuzia mgongo.

Monika alisimama palepale. Nilidhani ameumia, baada ya yote yale. Lakini alikuwa anatabasamu. Akautazama ule mgongo, akatazama njia tupu iliyokuwa kati yao.

"Hana," akasema kwa sauti, "mwambie mumeo ale. Amekonda sana."

Mahindi yalitulia. Mabula hakugeuka. Alingoja, kama alivyozoea kungoja neno lirudiwe.

"Hana," akajibu, "mwambie mama nakula."

Hapo ndipo Monika alipokaa chini katikati ya njia, akamlilia mwanawe.