Kwa Sentimita Mtu Hupimwa Mara Moja

Fundi yule walimwita Sentimita, kwa sababu utepe wa kupimia haukumtoka shingoni hata akienda sokoni. Wateja wake wengi walikuwa watu waliokataliwa na nguo za dukani: mwenye bega lililoshuka, mwenye kibiongo, mwenye mguu mfupi. Aliwapima nyuma ya pazia, mlango umefungwa, mara moja tu maishani.

"Ukinenepa nitaongeza kwa jicho," alikuwa akiwatania. "Macho yangu hayana adabu, ila hesabu yanaijua."

Vipimo vyote alivihifadhi kwenye kompyuta mpakato, kila kimoja kwa jina la mwenyewe.

Kompyuta hiyo ilikuwa imechoka. Ukiiwasha, ungeweza kupiga pasi suruali nzima kabla haijaamka. Ndipo mdogo wake, aliyekuwa akishona naye chumba kimoja, akaja na mfumo mpya wa kuendeshea kompyuta ndani ya flashi.

"Dada, huu wote unaendeshwa ndani ya kivinjari. Vitu vyako vinakaa mtandaoni. Kompyuta inabaki dirisha tu."

"Na dirisha likivunjika?"

"Unachungulia kwa jingine. Tujaribu kwanza, usipoupenda basi."

Wakajaribu. Kompyuta iliwaka kabla Sentimita hajakaa sawasawa kitini, akacheka kwa sauti kama mtu aliyetekenywa. Siku hiyohiyo alikubali vipimo vihamishiwe mtandaoni na mfumo wa zamani ufutwe. Ulipofika wakati wa kufungua akaunti, alimsukumia mdogo wake kompyuta.

"Weka jina lako. Mimi nywila zinanitoroka."

Hakuona ubaya wowote. Tangu utotoni walikuwa na ufunguo mmoja, kitana kimoja, sanduku moja la nguo. Kuuliza hiki ni cha nani lilikuwa jambo la watu baki.

Baadaye mdogo wake alipata kazi kwenye kiwanda cha nguo. Sentimita alimshonea koti la kuanzia kazi, akamfunga vifungo kwa mkono wake mwenyewe.

Asubuhi moja mwalimu mwenye kibiongo, mteja wa miaka mingi, alileta kitambaa cha gauni. Sentimita akafungua kompyuta. Ikamwambia nywila imebadilishwa. Akaiandika upya, polepole, herufi moja moja, huku akijilaumu kwa vidole vyake vizito. Ikakataa. Akampigia mdogo wake, simu akaiweka mezani kwa sauti ya juu, maana mikono ilikuwa imejaa chaki.

"Mdogo wangu, nywila imekuwaje?"

"Dada, nilikuwa nakuja kukueleza. Kiwandani wanaanza kushona nguo za watu wa... wa aina ile. Nimewapa vipimo. Wamenikabidhi kitengo kizima."

"Vipimo vya nani?"

"Viko kwenye akaunti yangu, dada. Usikasirike. Nitakutumia ruhusa ya kuangalia."

"Kuangalia?"

"Kuangalia tu. Huwezi kubadilisha kitu, lakini utaviona vyote."

Sentimita akakata simu. Alibaki akiitazama skrini, safi, nyepesi, isiyo na kitu ndani yake.

Mwalimu alikuwa amesikia kila neno.

"Na mimi nimo?"

"Umo."

"Kwa jina langu?"

Sentimita akaitikia kwa kichwa.

"Uliniambia ni wewe tu."

"Nilikuambia, mwalimu."

"Nilisimama pale nyuma ya pazia nikilia. Ukaniambia imekwisha, hakuna mwingine atakayeniona hivi."

Mwalimu akakichukua kitambaa chake, akakikunja mara mbili kwa utaratibu, akakitia mkobani na kutoka. Sentimita alinyanyuka amwite, amweleze kwamba naye ametendwa, kwamba aliyefanya haya ni yule mwingine. Akaishia mlangoni. Machoni pa mwanamke aliyekuwa akivuka barabara na mgongo wake, yeye na mdogo wake walikuwa mtu mmoja.