Nyumba ya wavulana Garissa, na Hassan aliyesema hajui babu zake

Wakuu, salaam alaikum. Kaeni vizuri, hii sio chai. Niliyaona kwa macho yangu, maana nililala chini ya mabati ya nyumba hiyo.

Mapema miaka ya tisini, Maalim mmoja wa Garissa alianza kuwapokea wavulana waliopoteza watu wao kwenye vita ng'ambo ya mpaka na kwenye ukame huku kwetu.

Nyumba yenyewe ilikuwa vyumba viwili vya udongo, si mbali na mto Tana. Uji asubuhi, githeri jioni. Kuna siku jioni haikuwa na kitu.

Kila baada ya magharibi tulitaja abtirsi, yaani jina lako, la baba, la babu, hadi unapoishia. Kwa Msomali hicho ndicho kipande chako, kitambulisho chako. Jamaa akija kukutafuta, atakujua kwa hayo majina.

Hassan alifika babu wa kumi na mbili bila kumeza mate.

Abdi, wa rika lake, aliokotwa peke yake njia ya Dadaab. Alijua jina lake tu. Wenzetu walimcheka: "Warya, we kijana, baba yako ni ngamia?"

Hassan akachoka na kicheko hicho. "Chukua babu zangu," akamwambia. "Ni wengi, watatutosha." Akamfundisha wote, kuanzia Farah, baba yake.

Siku moja akaja mfugaji kutoka Bura. Ndugu yake alikufa ng'ambo, akaacha mtoto wa kiume ambaye mzee hakuwahi kumwona wala kusikia jina lake.

Tukapangwa mstari. Abdi alikuwa wa kwanza.

"Abdi Farah Gedi Shire..." Akaenda mpaka mwisho, vile alivyofundishwa.

Mzee akaangusha fimbo, akamkumbatia akilia. "Wallahi, huyu ni damu yangu!"

Kisha akamgeukia Hassan. "Na wewe, adeer, mwanangu?"

Maalim alifungua mdomo. Hassan akamtikisia kichwa.

"Mimi sijui babu zangu," akasema.

Walipoondoka, Maalim alimuuliza kwa nini. "Ningetaja, Abdi angeitwa mwongo mbele ya watu. Wangemrudisha, na hana mwingine wa kuja kumchukua."

Maalim alituma watu Bura mara mbili wakamweleze mzee ukweli. Mzee alikuwa ameshahama na mifugo.

Mvua zile kubwa za miaka hiyo ya tisini zilipoleta mafuriko, homa ilichukua wavulana kadhaa. Hassan akiwemo. Kaburini hakukuwa na jamaa yake hata mmoja, hivyo sisi ndio tuliotaja babu zake, mmoja baada ya mwingine. Hakuna aliyekosea.

Nyumba haikudumu sana baada ya hapo.

Somo nililobaki nalo: mfundishe mwanao majina ya watu wake mapema, lakini usimcheke mtoto asiye nayo.

Abdi, kama uko hai na unasoma, majina uliyonayo yana mwenyewe. Watajie wanao Hassan.

Mliopitia nyumba kama hizo, uwanja ni wenu. Nasoma kila mtakachoandika.