Sauti Iliyoganda Mapendo

Dada yangu mkubwa, ambaye nyumbani sote tunamwita yaya, aliniomba nifike kwake, mtaa wa Mapendo, Jumamosi moja nimtengenezee kompyuta ya mume wake. Mume mwenyewe hakuwepo. Alikuwa mwalimu, na jioni alifundisha kwaya ya parokia. Asubuhi moja alishika njia ya Sake kwenda kumwona mgonjwa, na tangu siku hiyo simu yake haikuita tena. Ilikuwa imepita zaidi ya mwaka. Hakuna aliyetuletea habari, wala nguo yake. Hata hivyo yaya hakuwa amevaa nguo za msiba, kwa sababu mama mkwe wake, mzee wa kutoka Butembo aliyeishi naye katika nyumba ile ya mbao, hakutaka kusikia neno matanga. Kila alipotoa nia ya misa, lile ombi la kusomwa kanisani, alimtaja mwanawe kati ya wasafiri, si kati ya marehemu.

Yaya alitaka kuanza kuwaandikia wanafunzi kazi zao kwa mashine. Mimi ninatengeneza kompyuta kule Mabanga, na nilidhani itakuwa kazi ndogo: kufuta sistemu ya zamani, kuweka mpya iliyo nyepesi, kunywa chai, kurudi.

Nilifungua kasha la mashine kwanza. Vumbi jeusi la volkano lilikuwa limejaa hadi kwenye feni. Nikalisafisha kwa brashi, nikachomeka kle ya USB yenye sistemu mpya, nikawasha. Hatua ya kwanza, ya kupakia sistemu kabla ya kufuta chochote, ikaanza vizuri. Ule mstari wa bluu unaoonyesha kazi imefika wapi ukasogea, ukapita nusu, kisha ukasimama. Mshale wa kipanya ukakataa kutembea. Saa ya kwenye skrini ikasimama pia. Feni pekee ndiyo iliyoendelea kuzunguka.

Nikazima, nikaanza upya. Ikasimama tena. Nikabadilisha kle, nikachukua sistemu nyepesi zaidi. Ikasimama tena, karibu na palepale.

"Iko inafanya vile toka alienda," yaya alisema nyuma yangu. "Ukiwasha, inatembea kidogo, inanyamaza. Ni kama mutu anakuangalia."

"Ni mashine imezeeka, yaya."

"Najua."

Lakini hakusogea karibu. Nje ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye mabati, ingawa ilikuwa saa nane mchana, na katika sebule ile yenye dirisha moja tulikuwa tunaonana kwa mwanga wa skrini.

Nilianza kuishuku diski. Kwa hiyo niliiwasha mashine kutoka kwenye kle, bila kuweka kitu, ili nitazame diski ina nini na niokoe mafaili kabla sijaifuta. Diski ilifunguka. Kulikuwa na mitihani ya shule, picha za ubatizo, na folda kubwa ya mazoezi ya kwaya ambayo shemeji alirekodi mwenyewe pale nyumbani. Nikachagua faili moja, nione kama linasomeka.

Kinanda kidogo kikalia. Kisha sauti ya shemeji ikatoka kwenye spika, karibu kabisa, kana kwamba amekaa kati yetu. Alikohoa, akasema, "Mama..." Hapo hapo mashine ikaganda.

Skrini ilisimama, lakini sauti haikusimama. Ilishika kile kipande cha mwisho ikakirudia: ma, ma, ma, ma, ma. Bila kupumua, bila kupanda wala kushuka. Naijua sababu yake. Kompyuta ikiganda wakati wa kupiga sauti, kipande kidogo kilichobaki kwenye memori hurudiwa na kurudiwa. Nimelisikia jambo hilo mara nyingi kwenye nyimbo za watu. Sikuwahi kulisikia kwa mtu niliyemfahamu.

Nikanyoosha mkono kuzima. Yaya akanishika kifundo cha mkono.

"Wacha," alisema. "Ananiita."

Katika nyumba ile shemeji alimwita mke wake mama, kama wanaume wengi wanavyofanya, na mama yake mzazi naye alimwita hivyo hivyo. Pazia la jikoni likafunguka. Mzee alitoka na mikono imelowa maji, unga umemganda kwenye vidole.

"Niko, mwana wangu," akajibu. Akatazama mlango wa nje, akatutazama sisi. "Eko wapi?"

Sauti ikaendelea, ma, ma, ma, na mzee akaanza kuifuata polepole, akipita kando ya viti, hadi akafika kwenye spika na kuinama. Aliweka sikio pale. Sijui alikaa hivyo muda gani. Nilijitoa kwenye mkono wa yaya nikabonyeza kitufe hadi mashine ikafa.

"Ameenda wapi tena?" mzee aliuliza.

Yaya akamshika bega, akamrudisha jikoni. Niliwasikia wakiongea Kinande kwa sauti ya chini. Mimi nilibaki na bisibisi mkononi, na kwa kweli nilitaka kufunga vitu vyangu niondoke.

Sikuondoka. Kitu kinachoganda kwenye kazi mbalimbali, hata bila kuandika kwenye diski, mara nyingi shida yake ni memori. Zilikuwemo bareti mbili, vile vibao vyembamba vya memori. Nikatoa moja, nikawasha, ikaganda. Nikairudisha, nikatoa ya pili, na mashine ikatembea bila kusimama.

Nikawaita. Niliwaambia faili liko zima, wakitaka watasikia yote, wasipotaka nitaliweka pembeni. Mzee akakaa kwenye kiti kilicho karibu na spika.

Kinanda. Kikohozi. Kisha shemeji: "Mama, funga mulango, upepo iko inaingia." Mwanamke akajibu kwa mbali, "Nakuya." Mlango ukafungwa kwa kishindo. Shemeji akaanza kuimba sauti ya besi.

"Ile siku ulikuwa nyumbani?" yaya alimwuliza mzee.

"Aliyejibu ni wewe," mzee akasema.

"Hapana, mama. Ile si sauti yangu. Ni yako."

"Sauti yangu naijua. Si ile."

Nikarudia pale mara kadhaa. Maikrofoni ya bei rahisi hubadilisha sauti ya mtu, nikawaambia hivyo, na bado naamini. Lakini mimi pia sikumtambua yule mwanamke. Mzee ndiye aliyesema basi, inatosha.

"Aliimba na kifua kibaya," aliongeza. "Nilimuambia akunywe dawa." Baadaye, bila kumtazama mtu yeyote, akamwambia yaya kwamba Jumapili wapitie kwa padri, wabadilishe ile nia ya misa. Yaya alijifunika uso kwa kitenge. Hakulia kwa sauti.

Nilinakili mitihani, picha na folda ya kwaya kwenye kle yangu, nikaweka sistemu upya. Safari hii mstari wa bluu ulifika mwisho. Mashine ikauliza jina la mwenye kompyuta. Nikamtazama yaya, vidole vyangu viko juu ya kibodi. Alifikiri kidogo, akaniambia nisogee, akaketi, akaandika jina lake mwenyewe kwa kidole kimoja, herufi kwa herufi. Kisha akaniomba nigeuke upande mwingine, apate kuchagua neno la siri.