Daktari Alisema Hajaonekana

Nikirudisha mawazo nyuma, mwanangu, siku inayonijia kwanza ni Jumatatu moja ya manyunyu, nimesimama katikati ya majani chai yangu huku Itumbe, kikapu mgongoni na simu sikioni. Aliyepiga alikuwa kijana wangu Makori. Alikuwa amempeleka mkewe, Moraa, kupigwa skani kwa sababu kiuno kilikuwa kikimuuma kidogo. Mimba ilikuwa ya kwanza, na kwa hesabu ya Makori ilikuwa na wiki saba.

"Baba, wameona kifuko tu," aliniambia. "Mtoto hawajamwona. Moyo pia hawajauona."

"Basi amekufa," nikasema.

Kisha akasema, "Wametuambia turudi baada ya siku kumi na nne."

Laiti ningemuuliza kwa nini warudi, nisingekuwa na la kukusimulia leo. Sikuuliza. Nilikata simu nikaanza kupanga.

Acha nikueleze hofu yangu ilitoka wapi, si kwa kujitetea. Katika mwaka wa pili wa ndoa yangu nilikuwa karani wa kupima majani kwenye kituo cha kununulia chai. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, na kalamu niliyoichomeka mfukoni ilinifanya nijione mtu mkubwa. Asubuhi moja nikaletewa habari kwamba mke wangu, Kerubo, aliyekuwa na mimba changa, anavuja damu. Nilijibu kwamba nitamaliza foleni kwanza. Foleni ya majani, mwanangu! Nilipofika nyumbani mchana, majirani walikuwa wameshambeba kumpeleka hospitali. Mimba ilitoka, na yeye mwenyewe aliponea chupuchupu. Ilichukua miaka mingi kabla Makori hajazaliwa. Kerubo hakuwahi kunisimanga kwa jambo hilo. Nilijisimanga mwenyewe, na katika kujisimanga huko nilijifunza somo moja tu, usichelewe. Somo la pili lilinipita.

Kwa hiyo Jumatatu ile sikuchelewa. Nilimpigia mtu ninayemfahamu mjini Kisii anielekeze mahali wanapomsafisha mama kizazi upesi mimba ikiharibika. Nikakodi gari la kesho yake asubuhi. Nikampigia Makori nikamwamuru, sikumwomba, na yeye akaitika kwa sauti ya mtoto aliyezoea kunitii. Halafu nikafanya jambo ambalo hadi leo nikilikumbuka masikio yanapata moto. Nilimpigia mama Nyaboke, kiongozi wa akina mama wa kanisa letu, nikamwambia mimba ya mke wa Makori imetoka, waje wampe pole.

Unajua kwetu baba mkwe na mke wa mwanawe wana heshima yao, ile tunayoiita chinsoni. Siingii nyumbani kwake, simshiki mkono, na habari za tumbo lake hazipiti kinywani mwangu. Ni heshima njema na sitaki uidharau. Lakini siku hiyo nilijificha nyuma ya heshima hiyo. Nilimwamulia Moraa mambo ya mwili wake, kisha nikajiambia kwamba kutomuuliza ndiko kumheshimu.

Mke wangu angenizuia, ila alikuwa Nyansiongo kumwangalia dada yake aliyekuwa mgonjwa. Nami sikumpigia. Jiulize kwa nini.

Alasiri akina mama sita walipita njia ya kando ya shamba langu, vichwani wamebeba unga wa wimbi na maziwa, wakiimba polepole wimbo wa kufariji wafiwa. Kati ya chai yangu na ua wa Makori kuna ukingo wa miti tu. Nilikuwa upande huu nikichuma, au nikijifanya ninachuma. Moraa alikuwa nje ya jiko, ameketi juu ya kigoda, anamenya ndizi.

"Pole, mwanetu," mama Nyaboke akaanza, tayari na machozi. "Mungu atakupa mwingine."

Kisu kikasimama. "Mwingine? Kwani huyu ameenda wapi?"

Wakatazamana. "Si baba mkwe wako ametuambia..."

"Amewaambia nini?"

"Kwamba imetoka."

"Imetoka lini, nami nimeketi hapa nayo?"

Kisha mmoja wao wa nyuma, mama mwenye mdomo usio na kufuli, akasema, "Hata mimi nimeshangaa. Mtu aliyetokwa na mimba leo hamenyi ndizi za kulisha shule."

Hakuna aliyecheka. Moraa aliinama akaendelea kumenya, na kutoka pale nilipokuwa niliona mabega yake yakitikisika. Wale akina mama waliweka unga chini, maana unga wa pole haurudishwi ulikotoka, wakaondoka bila wimbo. Mimi niliinama katikati ya chai kama mwizi wa majani. Hata hapo, mwanangu, sikuahirisha gari. Nilijiambia binti amechanganyikiwa kwa huzuni, hataki kukubali.

Asubuhi gari lilikuja. Makori akatoka, macho mekundu. Moraa akatoka na mkoba, mkononi ameshika ile karatasi ya skani. Na hapo hapo pikipiki ikasimama langoni, Kerubo akashuka na mfuko wake wa safari. Mama Nyaboke alikuwa amempigia.

Moraa hakunitazama. Alisimama hatua tatu kutoka nilipokuwa, akageuza uso upande wa jiko, akasema kupitia kwa Kerubo, kwa sauti ambayo hata dereva aliisikia:

"Mama, mwambie baba daktari hakusema mtoto amekufa. Alisema hajaonekana. Mwambie hayo ni mambo mawili."

Nami nikakohoa. "Mama Makori, mwambie wiki saba si chache. Mwambie akikaa na maiti tumboni atakufa. Mwambie mimi nimewahi kuyaona haya."

"Mama, mwambie baba daktari alinieleza dalili za hatari. Nikiona damu, nikiumwa sana na tumbo, au nikishikwa na kizunguzungu, nisingoje hata saa moja. Sijaona hata moja. Mwambie nikiona nitapanda gari hilo mwenyewe bila kubebwa."

"Mama Makori, mwambie..."

"Mimi si simu!" Kerubo akafoka. Akaweka mfuko chini. Moraa akamsogelea akamnong'oneza sikioni maneno marefu. Kerubo akawa anatikisa kichwa, anatikisa kichwa, kisha akanigeukia.

"Baba Makori, kuna hesabu ambayo wewe hukupaswa kuisikia na Makori hakuijua vizuri. Huenda hizo wiki saba hazifiki saba. Daktari ameambiwa, na ndiyo maana akasema wangoje. Wewe ulimuuliza nani?"

Nikageuka nikatazama lile gari nililolikodi.

"Siku yangu ulichelewa," akasema, na ilikuwa mara ya kwanza katika miaka yote hiyo kuitaja. "Siku ya huyu unakimbia. Siku zote mbili mwenye tumbo alikuwepo, na hukumuuliza."

Akamlipa dereva fidia ya safari, akamwambia aende zake.

Sijui, mwanangu, kule mjini wangempima tena kwanza au la. Pengine wangempima. Sikuwa nimeuliza hata hilo.

Siku zilizofuata zilikuwa ndefu kuliko msimu wa kiangazi. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kupita nyumba za wale akina mama sita, moja baada ya nyingine, kofia mkononi, nikisema, "Nilisema nisilolijua. Hatujui bado." Ni maneno magumu kwa mzee. Yule mwenye mdomo usio na kufuli aliniuliza, "Sasa unga wetu tumempa nani?" Nilimwambia hilo pia hatujui bado, naye akacheka mpaka akanionea huruma akanipikia chai.

Unga wenyewe Moraa hakuupika. Aliufunga akauweka kwenye kona ya jiko, akamwambia Kerubo, "Utakaa hapo mpaka tujue ni wa nini." Kila nilipomwona Makori nilitaka kumuuliza habari, nikajizuia. Nilimwambia tu asiende kazini Keroka wiki hizo mbili bila simu kuwa na chaji, na gari la jirani liwe linajulikana liko wapi, endapo zile dalili zitatokea. Hayo ndiyo yaliyokuwa ya kwangu kufanya. Zaidi ya hayo nilichuma chai. Siku nyingine nilirudi kwenye mche uleule mara mbili bila kujua.

Moraa naye hakuwa jiwe. Kerubo aliniambia kuna asubuhi alikuta hajawasha moto, ameketi tu, mikono mapajani. "Mama," alimwambia, "nikifurahi naogopa, nikilia naona kama namfukuza." Kerubo hakumpa jibu. Aliwasha moto akaketi naye. Mimi ningemhutubia.

Siku ya kumi na nne magoti ya Kerubo yalikataa safari, akabaki. Niliomba ruhusa kupitia kwa Makori kwamba niende nao, nikae nje tu. Nikaruhusiwa. Niliketi kwenye benchi la ukutani, mbali na mlango wa chumba cha skani, nikitazama viatu vya watu. Walikaa ndani muda mrefu, au mimi niliona hivyo. Mlango ulipofunguka Makori alitoka kwanza, ameziba mdomo kwa kiganja, machozi yanamtiririka, nikadhani tumempoteza.

Moraa akatoka nyuma yake. Akasimama hatua tatu kutoka nilipokuwa. Akageuza uso upande wa dirisha.

"Mama," akasema, "mwambie baba moyo unapiga. Mwambie ana wiki saba leo."

Mama hakuwepo. Alikuwa Itumbe, kilomita nyingi kutoka pale. Lakini nilielewa, mwanangu, nikamjibu, "Mama Makori, mwambie binti yangu nimesikia. Mwambie anisamehe."

"Mama, mwambie baba twende nyumbani," akasema. "Nina njaa."

Tulipofika aliufungua ule unga mwenyewe. Akina mama sita waliitwa. Ugali wa wimbi ulisongwa ukaliwa na mboga ya saga na maziwa lala, na mama Nyaboke alipotaka kuimba aliambiwa kwanza aseme ni wimbo gani. Siku hiyo walicheka wote, na mimi nilicheka upande wangu wa ukingo, sahani magotini. Yule mtoto leo yuko chekechea, na hana habari kwamba babu yake alimkodia gari.

Sasa nawe umekuja na karatasi mkononi, umeandikiwa urudi baada ya siku kadhaa, na umeniuliza ufanye nini. Sitakuahidi kwamba yako itaisha kama yetu. Jirani yetu mmoja alirudi kwa skani ya pili akaambiwa kweli hakuna uhai, akatibiwa, akalia, na tulimpa pole iliyo ya kweli. Kungoja hakukumponza. Kujua kwa hakika ndiko kulikompa nafuu. Soma ulichoambiwa, usisome hofu yako. Kama daktari amesema hajaonekana, na wewe useme hajaonekana, usiongeze neno. Zijue dalili za hatari, na ukiziona usimalize foleni yoyote, kimbia. Usipoziona, ngoja. Watu wakiuliza, waambie hamjui bado, wala usione haya. Na kabla ya kumpigia baba yako, au mimi, au mchungaji, geuka umuulize mkeo amesikia nini na anataka nini. Mimi nilichelewa miaka thelathini kuuliza swali hilo, na mke wa mwanangu ndiye aliyenifundisha huku amenigeuzia uso.

Nenda nyumbani, mwanangu, kaketi naye. Mungu awape usingizi katika hizo siku za katikati. Awape jibu mtakaloweza kulibeba, na likiwa la furaha, nyumbani kwenu usongwe ugali wa kulisha mlima mzima. Likiwa la machozi, asikosekane mtu wa kuwasha moto na kuketi nanyi. Na mlango wangu, upande huu wa ukingo, uko wazi.