Kusikiliza Miguu ya Tangi

Siku yangu ya kwanza kazini sikugusa kifaa chochote cha umeme. Mkuu wa Maabara alinikabidhi kipande cha chuma, msasa na chupa ya spiriti, akaniambia nisugue mpaka atakaporudi. Nilikuwa nimetoka chuoni na cheti cha fundi sanifu, nimevaa blauzi mpya niliyoshonewa na mama kule Kahororo. Nikasugua. Aliporudi alipitisha pamba nyeupe juu ya chuma, akanionyesha weusi.

"Binti, ukibandika geji juu ya uchafu, utapima uchafu."

Geji ni utepe mdogo kuliko ukucha, wenye waya mwembamba uliopangwa kwenda na kurudi. Ukiubandika juu ya chuma, chuma kikivutika nao unavutika, kikibanwa nao unabanwa, na ukinzani wake wa umeme unabadilika. Lakini unabadilika kidogo mno. Tulikuwa tunatafuta sehemu za milioni za volti, tena katikati ya kelele za umeme wa mtaa mzima wa Bilele, pale Bukoba: mashine za kuchomelea, redio, friji za maduka.

Dawa ya kelele hizo ilikuwa amplifaya, yaani kifaa cha kukuza umeme hafifu, ya aina ya pekee ambayo sisi tuliiita lokini. Mkuu alinieleza kazi yake kwa kutumia kwaya ya kanisa letu.

"Wewe usingoje geji iseme yenyewe," alisema. "Ipe umeme unaopanda na kushuka kwa mwendo uliouchagua wewe. Kisha iambie lokini ifuate mwendo huo huo tu, kama mwanakwaya anavyofuata mkono wa mwalimu wake hata kanisa likiwa na kelele. Kila sauti isiyokwenda na mwendo wako itajifuta yenyewe. Na usichague mwendo wa umeme wa gridi, maana kelele za mtaa nazo zina mwendo huo; utajiponza."

Miaka mingi baadaye nilihamishiwa Muleba, chini ya Mhandisi wa Wilaya, mtu mrefu aliyezungumza kwa kupima maneno. Ndipo likaja tetemeko. Nyumba nyingi zilipasuka, na hospitali moja ndogo upande wa Nshamba ikabaki na tatizo moja kubwa. Tangi lake la maji lilisimama juu ya miguu minne ya chuma, kando kabisa ya wodi ya wazazi, na zege chini ya mguu mmoja lilikuwa limepata ufa.

Tangi likamwagwa maji yote. Ndugu za wagonjwa wakawa wanapandisha maji kwa madumu kutoka bondeni. Tulipofika, Mganga Mfawidhi, mama mnene mwenye sauti ya upole, alitupokea mlangoni.

"Mhandisi, nazalisha kwa maji ya madumu," alisema. "Niambieni nilitumie au nilibomoe. Kusubiri siwezi tena."

"Kwa macho siwezi kukwambia," Mhandisi alijibu. Akanigeukia. "Mama Koku, miguu hii inaweza kusema?"

"Tukiiuliza vizuri, itasema," nikajibu.

Nikaazima lokini kutoka maabara yetu ya zamani Bukoba. Nilibandika geji kwenye kila mguu, na kando yake nyingine juu ya kipande cha chuma kisichobeba kitu, ili joto la jua lisije likanidanganya kuwa ni uzito. Wajawazito wakahamishiwa jengo la wagonjwa wa nje. Kwanza nilijaribu amplifaya ya kawaida, na namba zikaruka kama senene kwenye taa. Jenereta ya hospitali ilikuwa inanguruma hatua chache kutoka hapo, na haikuweza kuzimwa, kwa sababu kulikuwa na mtoto njiti kwenye mashine ya joto. Nikaunganisha lokini, nikachagua mwendo ulio mbali na wa jenereta. Namba zikatulia.

"Fungueni maji, polepole," Mhandisi akaagiza.

Maji yakapanda. Miguu mitatu ikaanza kubanwa, namba zake zikikua pamoja. Wa nne, uliokuwa juu ya zege lenye ufa, ulikaa karibu na sifuri. Nikahakiki waya, nikahakiki gundi. Geji ilikuwa nzima. Mguu ulikuwa umesimama tu, haubebi.

Bibi mmoja aliyekuja kumuuguza mkwewe alikuwa ameweka dumu lake chini, anatutazama kwa mbali.

"Waitu, jamani, hiyo mashine inasema tangi litaanguka?" akauliza.

"Bado, bibi. Inasema mguu mmoja haubebi, na wenzake watatu wamechoka kuubebea."

Mhandisi akaamuru maji yatolewe. Hapo ndipo nilipoinamia namba, maana kuna jambo nililoliogopa kuliko ufa. Chuma kilichozidiwa hupinda na hakirudi. Kama miguu ile mitatu ilikuwa imeshazidiwa, namba zake zisingerudi zilikoanzia, na tangi lingebomolewa. Maji yakashuka. Namba zikashuka. Ya kwanza ikafika sifuri ikasimama, ya pili ikafuata, ya tatu ikasitasita kidogo kisha nayo ikatulia.

"Zimerudi," nilisema. "Mhandisi, zote zimerudi."

Akavua kofia, akajifuta jasho, akakaa chini kwenye nyasi na suruali yake safi.

Mafundi waliinua mguu wa nne kwa jeki, wakavunja zege bovu, wakamwaga jipya chini ya kitako chake. Lilipokomaa tulijaza tangi tena mpaka juu, na safari hii miguu yote minne ilibeba karibu sawasawa. Mganga Mfawidhi alifungua bomba la wodi mwenyewe, akanawa mikono mpaka kwenye viwiko. "Wakola waitu," akatushukuru kwa Kihaya, bila kufunga bomba.

Sasa nimestaafu. Vijana mnaofanya kazi hii leo mna vifaa vidogo vinavyoingia mfukoni, na kompyuta inawachorea kila kitu. Ninachowaomba ni subira. Mara nyingi kazi yetu ikienda vizuri hakuna kinachotokea, na hakuna atakayewapigia makofi kwa jambo ambalo halikutokea.

Mwaka jana nilipita pale hospitalini kumwona shangazi. Mama mmoja mwenye kichanga mgongoni alikuwa anafua nguo kwenye bomba la tangi lile, maji yanamrukia mpaka kifuani.

"Maji ya hapa yana nguvu kama nini!" alinilalamikia. "Hawawezi kuyapunguza?"

Nilimwambia sijui, nikaenda zangu nikicheka peke yangu mpaka getini.