Mama Sikio na Diski Iliyojaa Ishara

Mtaa mzima ulimjua kwa jina la Mama Sikio. Alikuwa fundi wa kompyuta, mwenye kibanda kidogo ubavuni mwa duka la rangi, na jina hilo alilipata kwa mazoea yake. Ukimletea diski iliyogoma kufunguka, hakuulizi maswali. Anaiwasha, anaiinua hadi sikioni, anafumba macho, kisha anatoa hukumu: "Hii imejaa tu, itapona." Au, "Hii, mwanangu, jikaze."

Kwa miaka ishirini na sita sikio halikumwangusha. Tangu mwaka jana, hata hivyo, lilikuwa limeanza kumsaliti, na siri hiyo hakumwambia hata mumewe. Mume naye, fundi cherehani mwenye maneno mengi kuliko nguo alizowahi kumaliza kwa wakati, akimwita mara tatu bila kuitikiwa husema, "Siku hizi una kiburi." Mama Sikio akakubali kuitwa mwenye kiburi. Ni kweli mficha maradhi kifo humuumbua, lakini nani angepeleka diski yake kwa Mama Sikio asiyesikia?

Asubuhi moja aliingia mzee mmoja nadhifu, shati limepigwa pasi hadi kwenye kola, pamoja na binti yake, msusi, ambaye bado alikuwa na chanuo kichwani. Mzee alikuwa kiziwi tangu utotoni, na maisha yake yote alikuwa amefundisha watoto viziwi.

"Shikamoo mama," alisema msusi. "Diski ya baba haifunguki. Mna ishara elfu moja na mia nne humo. Miaka kumi na mmoja amezunguka kwa wazee viziwi akiwarekodi video, maana kila mmoja ana ishara zake za zamani ambazo watoto wa leo hawazijui. Wengine wameshafariki."

"Marahaba. Nakala nyingine ipo?"

Msusi akatafsiri kwa mikono. Mzee akainamisha kichwa, na jibu hilo halikuhitaji mkalimani.

Ikaelezwa kwamba wiki iliyopita diski ilijaa pomoni. Kompyuta ilikataa kuhifadhi video ya mwisho, mzee akajaribu tena na tena, kisha akachomoa waya kwa hasira. Mama Sikio akaiinua diski sikioni. Ilikuwa ikigonga kwa nguvu kiasi kwamba hata yeye aliisikia: tak, tak, tak.

"Jamani! Hii imeanza kugonga miezi mingi iliyopita! Ina maana hamkusi..." Akajing'ata ulimi.

Msusi akaangua kicheko, na bila huruma akayatafsiri hayo hayo. Mzee akacheka mpaka mabega yakatikisika, akajibu kwa mikono.

"Anasema, nyumba ile yeye ni kiziwi, mama yangu ni kiziwi, mimi nimeolewa nimeondoka. Nani angesikia? Lakini anasema alikuwa akiihisi kwa kiganja. Alidhani inachapa kazi."

Mama Sikio alikuwa na sheria moja: diski mgonjwa haifanyiwi matengenezo yoyote. Kwanza inanakiliwa yote kwenye diski nyingine iliyo nzima, kipande kwa kipande, na kazi nyingine hufanyiwa ile nakala. Diski inayogonga hunakiliwa kwa kuibembeleza. Kabla haijagonga hutoa mlio mwembamba, na hapo ndipo fundi huisimamisha ipumzike. Ukichelewa mara nyingi, inakufa moja kwa moja.

Siku hiyo mlio mwembamba hakuusikia. Diski iligonga mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, na hesabu kwenye skrini ikakwama kwenye asilimia thelathini na nne. Aliogopa, tena aliogopa sana, maana wale wazee wasingefufuka warekodiwe upya.

Mzee akasogeza kiti, akalaza kiganja chake mezani kando ya diski. Baada ya muda akainua kidole. Fundi alimtazama tu bila kuelewa, na papo hapo diski ikagonga. Mara nyingine kidole kilipoinuka, fundi akaisimamisha haraka. Kimya. Haikugonga.

Msusi aliwaacha, maana kuna mteja alikuwa amemwacha na kichwa nusu kimesukwa. Wawili hao wakaendelea bila mkalimani, mmoja akiinua kidole, mwingine akibonyeza, hadi alasiri. Kidole kimoja hakivunji chawa, lakini siku ile kimoja kiliokoa mengi.

Nakala ilipofika asilimia tisini na tisa, nayo ikagoma kufunguka. Hili halikumtisha fundi. Nakala, kama diski yenyewe, ilikumbuka ile video iliyokatizwa na ilitaka kuimalizia kwanza, lakini haikuwa na nafasi hata ya kugeuka. Basi akaiamuru ifunguke kwa kusomwa tu, kazi ya nyuma iache kama ilivyo. Orodha ikateremka. Akabonyeza video ya kwanza, na bibi mmoja kibogoyo akatokea, akitabasamu, akichezesha mikono. Mzee akaigusa skrini na kulia waziwazi.

Video kumi na moja tu zilipotea, zote za mzee mwenyewe.

"Anasema si kitu," alitafsiri msusi aliporudi. "Sura yake bado anayo."

"Muulize, alijuaje itagonga?"

Mzee akauchukua mkono wa fundi, akaulaza mezani karibu na diski nzima iliyokuwa ikizunguka. Mtetemo ule, mwembamba, ukapanda hadi kwenye kifundo cha mkono.

"Mwambie," alisema Mama Sikio polepole, "sikio langu la kushoto limekwisha. La kulia linafuata. Hakuna anayejua."

Mzee hakumwonea huruma. Alilaza kiganja chake mezani, akainua kidole kimoja.

"Amekupa jina," alisema msusi. "Kwetu kila mtu ana jina lake la ishara. Hilo ndilo lako."

Jioni hiyo aliketi na mumewe kwenye meza yao, mume akishona, yeye amempa mgongo, kiganja kimelala juu ya ubao. Mtetemo ukakoma. Akageuka kabla hajaitwa.

"Umesimamisha cherehani. Unataka nini?"

Mume ndiyo kwanza alikuwa anavuta pumzi amwite.

"Acha hiyo nguo," alisema Mama Sikio, "njoo ukae hapa. Sina kiburi, mume wangu. Sisikii."